Kila Anayeingia Apite Hapa

Kama kuna kitu kilichokuwa kinamtia Esperansi wazimu, ni baba yake kuomba radhi. Mzee Nibizi aliomba radhi kama wenzake wanavyosalimia. Ng'ombe wa jirani akiingia shambani kwake na kumaliza mahindi, yeye ndiye aliyekwenda kwa mwenye ng'ombe kusema samahani, labda mahindi niliyapanda karibu mno na njia. Padri akichelewa misa, Nibizi, katekista ambaye waumini humwita Mwalimu, ndiye aliyesimama mbele kuwaomba waumini msamaha, wakati yeye amefika kanisani kabla ya jogoo. Basi Jumatano moja asubuhi Esperansi yuko ofisini Tabora mjini, hata chai hajaigusa, baba yake anapiga simu kutoka Ulyankulu. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee akamwomba amtafutie maneno mazuri ya kuombea radhi mbele ya mkutano wa ushirika.

Esperansi akamuuliza amefanya nini.

"Sijafanya kitu, mwanangu. Lakini komputa imesema nimefanya."

Akaeleza pole pole, kwa Kirundi cha nyumbani kilichochanganyika na Kiswahili. Ushirika wa wafugaji nyuki ulikuwa umeletewa mizinga ya kisasa, na kila mwanachama alitakiwa aombe ya kwake kwenye mfumo wa mtandaoni. Siku ya kugawa, ikaonekana mizinga yote ya jumuiya yao ya kusali imeombwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni Nibizi. Wenzake wote hawamo. Mama Getruda, jirani yao, mjane ambaye mizinga miwili ingembadilishia maisha, alirudi nyumbani mikono mitupu. Mwenyekiti wa ushirika, bwana mmoja anaitwa Shilinde, akashika kipaza sauti pale ghalani na kutangaza kwamba Nibizi ni mwizi, na kwamba komputa haina ndugu wala haina chuki, ikisema imesema. Kuna mtu huko nyuma akadakia kwamba mkimbizi ni mkimbizi tu, hata umpe uraia. Watu wakacheka. Sasa Shilinde alikuwa ametuma neno: Nibizi akisimama Jumamosi mkutanoni akakiri na kuomba radhi, yataishia hapo. Akikataa, anafutwa uanachama na anapelekwa polisi.

Esperansi alimwambia baba yake asithubutu kufungua mdomo mpaka yeye afike. Mzee akajibu kwamba sisi si watu wa kuleta fujo.

Sisi! Neno hilo Esperansi alilisikia tangu yuko darasa la kwanza, na kila akilisikia damu inamchemka. Nibizi aliingia nchi hii kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake, hajui hata kutembea. Amelima hapa, ameoa hapa, amezika wazazi hapa, na uraia anao kihalali. Cheti chake kimefungwa kwenye nailoni pamoja na cheti cha ubatizo, kana kwamba kuna siku Mungu na serikali watavidai vyote kwa pamoja. Lakini bado aliishi kama mgeni anayeogopa kumchosha mwenyeji. Akishasema samahani Jumamosi, basi ndiyo imetoka hiyo. Atakuwa mwizi mpaka anaingia kaburini, na watoto wa Esperansi, siku akiwapata, watakuwa wajukuu wa mwizi.

Na kilichomchoma zaidi ni kwamba mfumo wenyewe ulitengenezwa katika ofisi hiyo hiyo aliyokaa. Tena sehemu ya kuingilia aliiandika yeye, kwa mkono wake.

Kazi ya sehemu ile haikuwa ya uchawi. Mfugaji anaandika namba yake ya uanachama na neno la siri. Programu, iliyoandikwa kwa Java, inakagua. Ikimkubali inamfungulia sesheni, maana yake seva inamkumbuka ni nani, kisha inamwelekeza kwenye ukurasa wake. Mfugaji anapelekwa kwa wafugaji, karani kwenye ghala, mwenyekiti kwa mwenyekiti, ingawa kitufe cha kuomba mizinga kipo kwa wote. Mtu ambaye seva bado inamkumbuka akirudi mlangoni na kubonyeza Ingia, hakaguliwi tena, anapitishwa moja kwa moja mpaka kwake. Na akibonyeza Toka, sesheni inafutwa, seva inamsahau, anarudishwa mlangoni kama hakuwahi kufika. Esperansi aliujaribu mlango huo mpaka Nishant, bosi wake, akamwambia ameugeuza kuwa mchumba.

Akampigia tena baba yake na kumuuliza waliomba vipi hiyo mizinga, hatua kwa hatua. Mzee alishangaa kuulizwa. Waliomba kama wanavyofanya kila kitu, siku ya jumuiya, wakishamaliza rozari. Simu ni ya Nibizi kwa sababu ndiyo yenye intaneti na ndiyo inayoshika mtandao pale kwake. Alianza yeye mwenye simu, akaomba mizinga yake, akabonyeza Toka, akampa Mama Getruda. Mama Getruda akaweka namba yake na neno lake la siri, akaomba, akabonyeza Toka, akapitisha kwa mwenzake, na hivyo hivyo mpaka mtu wa mwisho, kama wanavyopokezana kitabu cha nyimbo. Kila mmoja akiandika neno la siri, wengine wote waligeuza uso pembeni. Neno la siri la mtu ni la mtu, alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo.

Esperansi alichukua simu ya majaribio ya ofisi. Akaingia kwa jina moja, akabonyeza Toka, akarudishwa mlangoni vizuri kabisa. Akaandika namba ya mtu wa pili na neno lake la siri. Mfumo ukampokea, ukampeleka kwenye ukurasa wenye alama ya kijani ya kukaribisha, na ukurasa ule ulikuwa wa yule mtu wa kwanza. Kwenye simu ndogo jina la mwenye ukurasa lilikuwa limefichwa ndani ya menyu ili kuokoa nafasi, kwa hiyo usingejua kitu. Aliomba mizinga, na mizinga ikaingia kwa mtu wa kwanza.

Akafungua programu, sehemu ya kutokea. Mstari wake wa kufuta sesheni haukuwepo. Kilichobaki ni amri ya kumrudisha mtu mlangoni, basi. Mtu anaambiwa kwaheri, anatolewa nje, lakini seva imemshika shati bado. Anayekuja nyuma yake anaandika jina lake kwa uaminifu wote, na mlango hata haulisomi. Unamwona yule wa kwanza bado yumo, unampitisha huyu kwa jina la yule.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Maniben, mama yake Nishant. Nishant mwenyewe alikuwa mezani kwake anaongea na simu, anacheka. Esperansi alisimama mbele yake mpaka simu ikakatwa. Akamuuliza nani aliyeutoa mstari ule.

Nishant hakuficha. Aliutoa yeye, siku walipowaonyesha mfumo wageni wa mradi unaofadhili ushirika. Kila akitoka na kuingia tena, kulikuwa na kuchelewachelewa, anaulizwa neno la siri upya, wageni wanaanza kutazama saa. Akaufuta mstari mmoja tu, mambo yakawa laini, mkataba wakapata. Alikusudia kuurudisha akasahau. Alipoelezwa yaliyompata Nibizi, alisema pole, na alionekana kuimaanisha, kisha akauliza swali ambalo Esperansi hatalisahau.

"Lakini kweli, Esperansi, nani siku hizi anatumia simu moja watu wote hao?"

"Watu," alisema Esperansi. "Watu uliowatengenezea mfumo."

Nishant akainua mikono. Hapa mjini kila mtu ana simu yake, hata anayeuza karanga Isevya ana mbili, angejuaje? Kisha akaingia kwenye lililomuuma yeye. Mkataba wa ushirika ulikuwa unaongezwa wiki ijayo. Wakisema sasa hivi kwamba mfumo ndio uliokosea, Shilinde atautupa mkataba nje. Kwa hiyo asiguse chochote, wangerekebisha kimya kimya wakishasaini, na mwenyekiti wangemwambia ilikuwa hitilafu ya mtandao. Mzee asubiri kidogo.

Esperansi alijisikia joto limempanda mpaka masikioni. Alimwambia kwamba mzee ameitwa mwizi kwa kipaza sauti, na kipaza sauti hakikusubiri. Akamwambia pia neno jingine ambalo halifai kuandikwa hapa, na ambalo Maniben alilisikia kwa sababu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Mama wa watu aliweka chai mezani, akamtazama mwanawe muda mrefu, akashuka zake dukani.

Jumamosi Esperansi alikuwa kwenye basi la asubuhi. Watu wa Tabora wanapenda kujisifu kwa njia ya zamani ya misafara, ile iliyopita huku ikielekea Ujiji, na shuleni aliimbishwa habari zake kama sifa. Siku hiyo aliiwaza kwa hasira. Pembe na chumvi vilibebwa vichwani mwa watu, na vilipofika vikaitwa vya bwana fulani, na aliyebeba hakuna aliyemtaja. Mpaka leo, aliwaza, unabeba mzigo wako mwenyewe na unaandikwa kwa mwingine, na mwingine naye anapigwa kwa ajili yako.

Mkutano ulikuwa ghalani, watu wamekaa kwenye mabenchi, mizinga ile ya ugomvi imepangwa ukutani. Baba yake alikuwa amevaa koti la Pasaka. Alipoitwa alisimama, kofia mkononi, macho chini, akaanza kusema ndugu wanachama, mimi naomba.

Esperansi akasimama pia. Mnong'ono ukapita, maana binti hamkati baba yake kauli mbele za watu, na huko kwao jambo hilo ni aibu ya ukoo mzima. Baba yake alimtazama kama amemwagiwa maji. Esperansi akawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia, akasema yeye ndiye aliyeandika sehemu ya kuingilia ya mfumo ule na anaomba dakika chache awaonyeshe kitu. Shilinde alikuwa mtu wa kupenda kuonekana mbele, na alipoambiwa yeye ndiye wa kuanza, alikubali bila kufikiri.

Esperansi alimpa simu. Shilinde akaingia kwa namba yake, ukurasa wake ukafunguka. Esperansi akamwambia atoke, akabonyeza Toka mbele ya watu wote. Kisha simu akapewa Mama Getruda. Yule mama aliandika namba yake na neno lake la siri kwa kidole kimoja, na benchi zima la jumuiya, kwa mazoea, likageuza uso pembeni. Ukurasa ukaja na alama yake ya kijani. Esperansi akamwomba aombe mizinga kumi, akaomba. Halafu akamfungulia ile menyu iliyofichwa na kumwambia asome jina la mwenye ukurasa, kwa sauti.

Mama Getruda alisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu.

"Imeandikwa Shilinde," alisema.

Esperansi hakuwapa nafasi ya kupumua.

"Mwenyekiti, mizinga kumi imeombwa kwa jina lako sasa hivi, na komputa haina ndugu. Tukuite nani?"

Ajabu ni kwamba Nishant ndiye aliyemsaidia. Kama asingekataza programu isiguswe, mlango ungekuwa umeshatengenezwa na Esperansi angebaki na maneno matupu.

Sasa nawe msomaji utadhani watu walisimama wakamkumbatia Mzee Nibizi. Thubutu. Wa jumuiya walipiga makofi kidogo, wengine wakaanza kuulizana mizinga itagawiwa lini. Shilinde alicheka cheko la mtu aliyejikwaa hadharani, akasema haya, kumbe ni mtandao, mambo yamekwisha, kila mtu atapata mizinga yake, tuendelee na ajenda. Na Nibizi, yule yule aliyeitwa mwizi, akainamisha kichwa na kusema, "Ahsanteni sana. Nisameheni kwa kuwapotezea muda."

Esperansi nusura alie kwa hasira. Alimwambia Shilinde kwamba hayajakwisha. Yeye mwenyekiti alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mtu huyu ni mwizi, basi atangaze tena kwa kipaza sauti hicho hicho kwamba siye, na aombe radhi. Shilinde uso ukabadilika. Alisema yeye ni mwenyekiti, hawezi kupelekeshwa na watoto.

"Unataka kuandikiwa msamaha? Kauandike mwenyewe huko kwenye mfumo wako," alisema. "Andika unachotaka. Sisi tuna kazi."

Watu wakacheka tena, kicheko kile kile. Esperansi aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema amesikia, na mkutano mzima umesikia. Akakaa.

Njiani kurudi nyumbani alimuuliza baba yake ameomba radhi ya nini safari hii. Mzee akasema amezoea, na hiyo ilimuuma Esperansi kuliko matusi yote ya ghalani.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya wote. Kwanza aliurudisha mstari wa kufuta sesheni, akaujaribu kwa watu watano juu ya simu moja, kila mmoja akafika kwake. Akalitoa jina la mwenye ukurasa ndani ya menyu, akaliweka juu, kubwa, hata liwe linamaliza nusu ya kioo. Halafu akaenda mahali pale ambapo mfumo unaamua mtu akishaingia aelekezwe wapi. Akaandika kwamba kila anayeingia, awe mfugaji, karani, mwenyekiti au mwenye mfumo, kabla hajafika kwake apite kwanza kwenye ukurasa mmoja mpya. Na kwenye ukurasa huo, kwa herufi za kusomeka na mtu asiye na miwani, akaandika:

Mzee Nibizi hakuiba mzinga hata mmoja. Mfumo wetu ulikosea. Sisi tuliomwita mwizi, na sisi tuliocheka alipoitwa mkimbizi, tulikosea zaidi. Tunamwomba radhi.

Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja tu: Nimesoma, niendelee.

Nishant aliingia saa nne, akafungua mfumo, akasoma. Kelele alizopiga zilisikika mpaka dukani. Akataka ukurasa utolewe dakika hiyo hiyo. Esperansi alijibu, bila kuinuka, kwamba mteja ameagiza mwenyewe mbele ya mkutano aandike anachotaka, na mashahidi wapo ghala zima. Akimfukuza kazi, sawa, lakini ataondoka kwa miguu yake mpaka kwa wageni wa mradi na simu moja mkononi. Maniben alikuwa amepanda ngazi kufuata kelele. Aliuomba huo ukurasa, akasoma kwa kunong'ona mpaka mwisho, halafu akamgeukia mwanawe.

"Babu yako kazaliwa Tabora hapa. Mimi nimezaliwa Tabora hapa. Sokoni nimeambiwa rudi kwenu mara ngapi, na wewe umesimama kando yangu ukaniambia mama, nyamaza? Acha ukurasa ukae."

Nishant aliuacha. Shilinde naye alipiga simu mchana, anafoka kwamba kila akiingia kazini anakutana na Nibizi. Esperansi akamjibu kwa adabu zote kwamba ndivyo alivyoagiza, na kwamba kitufe kipo chini, asome tu kisha abonyeze.

Siku ya jumuiya alikuwa nyumbani Ulyankulu. Alikaa nyuma kabisa wakati wa rozari. Sala zilipokwisha watu wakajipanga kuomba mizinga upya, na mwenye simu akaanza, kama kawaida. Hakuna aliyemwambia atakutana na nini. Mzee Nibizi aliandika namba yake, wenzake wakageuza uso, akaweka neno la siri, akasubiri.

Ukaja ule ukurasa. Alisoma midomo ikitikisika, akarudia, na mara ya tatu akasoma kwa sauti, ile ya katekista anayesomea watu barua ya askofu. Alipofika kwenye neno mkimbizi alisita, akaanza tena kuanzia juu mpaka akamaliza. Esperansi alimwona baba yake anavuta pumzi, akajua kinachofuata, samahani kwa kuwasomea jambo refu, na moyo ukamshuka.

Mama Getruda, ambaye ndiye aliyefuata, alimwambia kwa upole, "Haya Mwalimu, bonyeza hapo chini tuendelee, giza linaingia."

Mzee Nibizi akaivuta simu kifuani kwake. Shingo ilikuwa imemsimama.

"Sibonyezi," alisema. "Mtasubiri. Miaka yote hii sijakasirika hata siku moja. Acheni leo nikasirike kidogo."

Wakasubiri. Hakuna aliyenyoosha mkono kuidai simu.